Kadi ya mkopo ya biashara ndogo Marekani: namna ya kuitumia mpaka biashara ijijengee jina

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo: wasafishaji wa ofisi, wenye malori, wasusi, wapishi wa sherehe. Karibu kila anayekuja huanza kwa kuuliza achukue kadi gani. Mimi humrudisha nyuma kidogo, kwa sababu kadi nyingi za biashara Marekani hutolewa kwa nguvu ya historia ya mikopo ya mwenye biashara mwenyewe. Mtu anaweza kuitumia kadi kwa miaka, akalipa vizuri kila mwezi, na biashara yake isipate hata mstari mmoja kwenye mafaili ya mikopo, yaani kumbukumbu za ulipaji wa madeni ambazo wakopeshaji huzisoma. Siku anapotaka mkopo wa gari la kazi, anaambiwa biashara haina historia. Hatua zilizo hapa zimepangwa ili kila dola unayolipa kwa wakati iandikwe kwa jina la biashara.

Hatua ya 1: Itenganishe biashara na wewe

Sajili kampuni katika jimbo lako, iwe LLC (kampuni ambayo kisheria ni tofauti na mwenyewe) au aina nyingine. Kisha omba EIN kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani. Hiyo ni namba ya kodi ya biashara yenye tarakimu 9, na ni bure. Ukiiomba kwenye tovuti ya IRS na maombi yakakubaliwa, unaipata papo hapo. Asiye na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) wala ITIN, namba ya kodi ya mtu asiye na Social Security, hujaza fomu SS-4 na kuituma kwa faksi au posta. Zipo tovuti zinazotoza fedha kwa huduma hii, achana nazo. Baada ya hapo fungua akaunti ya benki kwa jina la biashara, na mapato yote yapite humo.

Unaweza kupata EIN na hata kadi ya biashara bila kusajili kampuni. Ila kisheria wewe na biashara mtabaki kitu kimoja, na deni lake ni deni lako.

Sasa kuna jambo linaloonekana dogo ambalo huvuruga watu wengi: jina na anwani. Mteja wangu mmoja wa usafi wa ofisi alikuwa na mafaili mawili ya mikopo bila kujua. Cheti cha usajili kilikuwa na anwani ya ofisi yenye namba ya chumba. Akaunti ya msambazaji wa dawa za kusafishia aliifungua kwa anwani ya nyumbani, na jina la kampuni likaandikwa bila herufi LLC. Malipo yake mazuri yakawa yanaingia kwenye faili moja, na benki ikawa inasoma lile lingine, tupu. Kuyaunganisha kulitaka barua, nakala za cheti na subira. Andika jina kamili, anwani na simu ya biashara mara moja, lihifadhi andiko hilo, na kila fomu unayojaza nakili kutoka hapo herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Fungua faili la mikopo la biashara

Kampuni tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo ya biashara ni Dun & Bradstreet, Experian na Equifax. Anza na Dun & Bradstreet: omba namba ya D-U-N-S, inayoitambulisha biashara yako kwao, nayo pia ni bure na ina tarakimu 9. Serikali kuu iliacha kuitumia kwenye zabuni zake Aprili 2022 ikahamia kwenye namba yake yenyewe, lakini wasambazaji na wakopeshaji wengi bado huitumia kutafuta faili la biashara.

Faili likishafunguliwa linahitaji kitu cha kuandikwa ndani yake. Njia nyepesi ni wasambazaji wanaokupa bidhaa leo na kukuacha ulipe ndani ya siku 30. Kabla ya kufungua akaunti nao, uliza swali moja: je, mnapeleka taarifa za malipo yangu kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na ni zipi? Wengi hawapeleki. Bidhaa zao zinaweza kuwa nzuri na bei nafuu, nunua kwao ukitaka, lakini usihesabu kwamba wanakujengea historia.

Alama ya Dun & Bradstreet inaitwa PAYDEX, hupima unavyolipa ankara kwa wakati, nayo huenda kutoka 1 hadi 100. Kwa mtu binafsi, kulipa siku yoyote kabla ya tarehe ya mwisho kunatosha. PAYDEX haiko hivyo. Ukilipa siku ileile ankara inapoiva unapata 80, na kuvuka hapo sharti ulipe mapema. Alama 100 ni ya anayelipa siku 30 kabla ya wakati. Tena ankara kubwa ina uzito kuliko ndogo, kwa hiyo kuchelewesha ankara moja kubwa kunaweza kufuta kazi ya ndogo nyingi. Mwezi fedha zikibana, huwa nawashauri wateja walipe kwanza ile kubwa ya msambazaji anayepeleka taarifa.

Hatua ya 3: Chagua kadi kwa masharti yake

Pointi na zawadi ziangalie mwisho. La kwanza ni dhamana binafsi. Karibu kadi zote za biashara ndogo zina kifungu kinachosema biashara ikishindwa kulipa, utalipa wewe. LLC haikukingi na deni ulilolitilia saini mwenyewe. Simwambii mtu aikatae kadi kwa sababu hiyo, maana biashara changa mara nyingi haina njia nyingine, lakini asaini akijua.

La pili ni wapi benki inapeleka taarifa. Benki nyingi hushirikiana na Small Business Financial Exchange, chombo kinachokusanya taarifa za mikopo ya biashara ndogo na kuzifikisha kwa kampuni za taarifa. Baadhi ya benki hupeleka pia kila mwezi kwenye faili lako binafsi. Hizo ukizitumia kununua mzigo mkubwa, alama yako binafsi inaweza kushuka hata kama hujachelewa siku moja. Piga simu uliza kabla ya kuomba. Swali hili halina aibu.

La tatu wengi hawalijui. Sheria ya kadi za mkopo ya 2009 iliyowapa wateja kinga nyingi haizihusu kadi za biashara. Kwenye kadi ya kawaida, benki lazima ikupe taarifa siku 45 kabla ya kupandisha riba, na kwa kawaida haiwezi kupandisha riba ya deni lililokwisha kuwepo. Kwenye kadi ya biashara, benki nyingine hufuata hayo kwa hiari yake na nyingine hazifuati. Soma mkataba sehemu ya mabadiliko ya riba, yote, hata maandishi yakiwa madogo.

Hatua ya 4: Jua tarehe mbili za kadi yako

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu na wateja. Kadi ina tarehe ya kufunga hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Siku ya kufunga, benki hujumlisha manunuzi ya mwezi na kutoa taarifa ya deni. Kwa kawaida ni kiasi kile kilichosomeka siku hiyo ndicho kinachopelekwa kwenye kampuni za mikopo. Tarehe ya kulipa huja wiki kama tatu hivi baadaye.

Chukua kadi yenye ukomo wa dola 5,000, inayofungwa tarehe 20 na kulipwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Umenunua vitu vya dola 4,200. Ukisubiri tarehe 15 utalipa bila riba, lakini rekodi itaonyesha umetumia asilimia 84 ya ukomo wako, na anayeisoma ataona biashara iliyobanwa. Ukilipa dola 3,200 tarehe 17, siku tatu kabla ya kufunga, rekodi itaonyesha dola 1,000, yaani asilimia 20. Manunuzi ni yaleyale na fedha ni zilezile, ila picha imebadilika kabisa. Wateja wangu huwa nawaambia wabaki chini ya asilimia 30, na anayeweza kushuka zaidi afanye hivyo.

Kwa hiyo weka vikumbusho viwili kwenye simu: siku nne kabla ya kufunga, na siku nne kabla ya mwisho wa kulipa. Kisha washa malipo ya moja kwa moja ya deni lote kutoka akaunti ya biashara, ili hata ukiumwa au ukisafiri usichelewe.

Hatua ya 5: Usinunue kitu ambacho fedha yake haijapatikana

Kadi inalipia mafuta, sabuni, matangazo, bima, vitu ambavyo vilikuwa kwenye bajeti hata bila kadi. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka hula karibu dola 59 kwa siku 30. Na ukishaacha salio, kadi nyingi hukuondolea zile siku za kulipa bila riba, manunuzi mapya nayo yanaanza kutozwa riba tangu siku unayonunua. Watu hushangaa kuona riba kwenye mzigo walioununua juzi. Sababu ni hiyo.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi sikubaliani nako hata kidogo. Riba huanza siku hiyohiyo, mara nyingi ni kubwa kuliko ya manunuzi, na kuna ada juu yake.

Matumizi ya nyumbani yasiingie kwenye kadi hii. Riba ya deni la biashara kwa kawaida huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ukichanganya na vyakula vya nyumbani, kuichambua ni kazi, na siku ya kesi mahakama inaweza kusema kampuni yako na wewe hamkuwa mmetengana.

Hatua ya 6: Kadi za wafanyakazi

Mpe kila mfanyakazi kadi yake yenye ukomo wake mdogo, na apige picha ya risiti kabla hajaondoka dukani. Kadi ikiibiwa, sheria huweka dhima yako isizidi dola 50 kwa matumizi yasiyoidhinishwa. Lakini benki ikiwa imetoa kadi 10 au zaidi kwa wafanyakazi wako, inaruhusiwa kukubaliana nawe masharti mengine. Ukikaribia idadi hiyo, rudi usome mkataba.

Hatua ya 7: Soma faili lako, kisha omba zaidi

Haki ya kupata ripoti ya bure kila mwaka ni ya watu binafsi. Biashara mara nyingi hulipia ripoti kamili. Ilipie angalau kabla ya kuomba mkopo mkubwa. Kagua jina, anwani, aina ya biashara, na kila ankara iliyoandikwa imechelewa. Ukikuta kosa, ipelekee kampuni ya taarifa pingamizi kwa maandishi, ukiambatanisha uthibitisho wa malipo kutoka benki wenye tarehe. Msambazaji naye mwandikie, kwani asiporekebisha yeye, kosa linaweza kurudi.

Rekodi ikishatulia kwa miezi kadhaa, omba ukomo wa kadi uongezwe. Uliza kwanza kama ombi litasababisha ukaguzi wa faili lako binafsi. Nenda na taarifa za benki za miezi ya karibuni na marejesho ya kodi ya biashara, na utaje kiasi unachokitaka na kazi yake: mfano dola 9,000 badala ya 5,000, kwa sababu mikataba imeongezeka na manunuzi ya vifaa vya kazi yamepanda. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi. Kadi ya zamani isiyo na ada ya mwaka usiifunge. Iachie bili moja ndogo ya kila mwezi, kama ya simu ya ofisi, nayo iwekwe kwenye malipo ya moja kwa moja.