Namna ya Kuitambua Nyasi ya Gini

Mimi hukata majani ya mbuzi huku Kisauni, na ninayoitafuta kwanza ni gini, Megathyrsus maximus. Usianzie kwenye jani, maana majani ya nyasi nyingi hufanana. Ngoja itoe suke. Suke lake hutawanyika, vitawi vyembamba vikielekea kila upande, na vile vya chini kabisa huchomoza pamoja kulizunguka shina. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini. Nepia, ambayo wengi huichanganya nayo, ina suke lililoshikana kama brashi ya chupa.

Kisha chukua punje iliyokomaa, uiambue maganda ya nje. Ganda la ndani lina mikunjo midogo iliyokingama. Kioo cha kukuzia kitakusaidia. Huota kwa mashungi, na penye udongo mzuri hufika hata mita 3. Ya kulisha ikate kabla ya suke, kwani baadaye shina hukakamaa.

Itafute chini ya miembe na minazi, maana hustahimili kivuli, halafu kandokando ya barabara na kwenye viwanja vilivyoachwa.

Afrika ni kwao. Lakini Hawaii, Texas na Queensland, Australia, ilipelekwa iwe lishe, ikatoka mashambani na kuisonga mimea ya huko. Ikikauka hushika moto upesi. Ilikuwa miongoni mwa nyasi zilizouchochea moto wa mji wa Lahaina, huko Hawaii, Agosti 2023. Mwenye jamaa huko asimpelekee mbegu zake, hata akiombwa.