Somo: Mzee wako akidhulumiwa katika makao ya wazee Marekani, uanzie wapi na uende kwa nani

Swali hili naletewa kila mara kwa ujumbe wa faragha, nami nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliandika hapa mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Somo linahusu makao ya uuguzi ya wazee nchini Marekani yanayopokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa kwa wazee) au Medicaid (ya wenye kipato kidogo). Mimi ni mkalimani wa hospitali na mahakama, si wakili. Ninayoyaeleza ni yale ambayo familia zetu hukwama nayo.

Hatua ya kwanza: tambua dhuluma.
Kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kimwili na kuibiwa kila mtu anakujua. Kinachopita bila kuonekana ni kutelekezwa: mzee anayepungua uzito, midomo iliyokauka kwa kiu, nepi iliyolowa tangu asubuhi, au usingizi mzito wa ghafla kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akipiga soga. Kuhusu huo usingizi, uliza ni dawa gani mpya aliyoanzishiwa, kwa sababu sheria ya mwaka 1987 ya kurekebisha makao ya wazee inakataza kumtuliza mkazi kwa dawa ili tu wahudumu wapumue.

Angalia vidonda vya kitandani kwa macho yako mwenyewe, hasa kwenye kitako, nyonga na visigino. Wahudumu wengi wamefundishwa kutafuta wekundu, na wekundu huo hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Kwa wazee wetu tafuta sehemu iliyokoza rangi au kubadilika kuwa ya zambarau, iliyo na joto au baridi kuliko ngozi inayoizunguka, au iliyo ngumu ukiibonyeza. Kidonda kikishafunguka, dalili zake za mwanzo zimekwisha kupita bila mtu kuziandika. Upande wa pili, usishtuke kwa kila alama: mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu hata kwa kuguswa kidogo, ilhali alama za vidole kwenye mikono yote miwili, shingoni au ndani ya mapaja zinahitaji maelezo.

Jambo jingine naliona kazini. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza Kiingereza kwanza, akabaki na Kiswahili, Kibembe au Kikuyu chake. Anaomba maji, hasikilizwi, anapandisha sauti, na kwenye faili anaandikwa kuwa ni mkali. Makao yanayopokea fedha za serikali kuu yanawajibika kumletea mkalimani bila malipo, na mjukuu wa miaka kumi si mkalimani.

Hatua ya pili: mwondoe hatarini.
Kama maisha ya mzee yamo hatarini piga 911, namba ya dharura, na omba achunguzwe na daktari asiye mwajiriwa wa makao hayo.

Hatua ya tatu: hifadhi ushahidi.
Piga picha zenye tarehe, andika majina ya waliokuwa zamu, na weka nguo zilizochanika bila kuzifua. Omba faili la matibabu kwa maandishi: makao yanapaswa kuliruhusu lisomwe ndani ya saa 24, bila kuhesabu wikendi na sikukuu, na kutoa nakala ndani ya siku 2 za kazi. Haki hiyo ni ya mzee mwenyewe au mwakilishi wake wa kisheria. Kuwa mtoto wa kwanza au msemaji wa ukoo hakukupi mamlaka yoyote mbele ya karani wa Marekani, kwa hiyo hati ya uwakilishi iandikwe wakati mzee bado ana akili timamu.

Hatua ya nne: ripoti nje ya makao.
Uongozi wa makao unapaswa kuambiwa, lakini usiishie hapo. Peleka malalamiko kwa idara ya jimbo inayokagua makao ya wazee, kwa idara ya ulinzi wa watu wazima, na kwa polisi kama kuna jinai. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo nayo huwa na kitengo cha udanganyifu wa Medicaid, ambacho hushughulikia pia dhuluma ndani ya makao. Kisha kuna ombudsmani wa matunzo ya muda mrefu, yaani mtetezi wa wakazi wa makao, aliyewekwa kila jimbo kwa mujibu wa sheria. Huyu hachukui malipo, na hafichui jina la mzee bila ridhaa yake.

Hatua ya tano: karatasi za kusaini.
Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na hufia kabla dhuluma yenyewe haijatokea. Siku ya kumpokea mzee unapewa rundo la karatasi, umechoka, gari la wagonjwa liko nje, na karani anakuonyesha tu mahali pa kutia sahihi. Ndani ya rundo hilo mara nyingi mna mkataba wa usuluhishi, ambao maana yake ni kwamba mkigombana baadaye hamtakwenda mahakamani mbele ya baraza la raia, bali kwa msuluhishi binafsi, na uamuzi wake ni vigumu mno kuupinga. Tangu Septemba 2019 kanuni za serikali kuu zinakataza makao haya kuufanya mkataba huo kuwa sharti la kumpokea mzee, zinataka uelezwe kwa lugha unayoielewa, na zinakupa siku 30 za kuutengua. Ukitengua, tengua kwa maandishi, tuma kwa barua ya rejista, na utunze nakala. Usijidanganye kwamba sahihi yako haina uzito kwa sababu hati yako ya uwakilishi haikutaja usuluhishi: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Kindred, kampuni ya makao ya wazee, lililotoka Kentucky, ilikataa kanuni ya mahakama ya jimbo hilo iliyotaka mamlaka hayo yatajwe waziwazi ndani ya hati.

Tahadhari mbili zaidi. Makao hayaruhusiwi kukulazimisha udhamini malipo kwa fedha zako mwenyewe, kwa hiyo kila unaposaini andika kwamba unasaini kwa niaba ya mzee. Na baada ya tukio, mtu wa bima akija na hundi ya haraka pamoja na karatasi ya kuachilia madai, usisaini kitu kabla wakili hajaisoma.

Hatua ya sita: wakili.
Tafuta anayeshughulikia kesi za makao ya wazee hasa, si yule aliyekujazia fomu za uhamiaji. Wengi hulipwa asilimia ya fidia, mara nyingi theluthi au zaidi, na hawalipwi ujira mkikosa. Muulize gharama za wataalamu zinakatwa kabla au baada ya kugawana, na nani anazibeba mkishindwa. Usichelewe: Tennessee na Kentucky muda wa kawaida wa kufungua madai ya jeraha ni mwaka 1, Texas ni miaka 2, na malalamiko uliyopeleka kwa idara za serikali hayasimamishi saa hiyo. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anaweza pia kupata ushauri wa kisheria bila malipo kupitia Sheria ya Wamarekani Wazee, ingawa ofisi hizo mara nyingi hazifungui kesi za fidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Haraka_Sana: Dada, sijasoma yote kwa sababu ni ndefu. Naomba tu namba ya wakili mzuri.

Jibu: Hujataja jimbo, hujataja kilichotokea, na hujasoma. Piga 1-800-677-1116, ambayo ni huduma ya umma ya kuelekeza familia za wazee. Watakupa ofisi za eneo lako. Kisha rudi usome hatua ya tano.

Zamu ya Usiku: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi msaidizi, na nimemwona mwenzangu akimvuta bibi mmoja kwa mkono hadi akalia. Nimemwambia msimamizi, naye amesema tuyamalize kindani. Naogopa kibarua changu, lakini bibi yule hanitoki moyoni.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza vizuri. Hayo hayamalizwi kindani. Sheria ya mwaka 2010 ya haki kwa wazee inakubebesha wewe binafsi wajibu wa kuripoti unaposhuku jinai dhidi ya mkazi: ndani ya saa 2 ikiwa kuna jeraha kubwa, na ndani ya saa 24 ikiwa hakuna, kwa polisi na kwa idara ya jimbo. Kumwambia msimamizi hakukuondolei wajibu huo, na asiyeripoti anaweza kutozwa faini kubwa. Kama saa hizo zimepita, ripoti leo hata hivyo. Sheria hiyo hiyo inakataza mwajiri kukulipizia kisasi. Andika ulichokiona, saa na chumba, utunze maelezo yako nyumbani, lakini usitoe nakala ya faili la mgonjwa wala kumpiga picha kwa simu yako, kwa sababu hilo litageuzwa kosa lako.

Mzalendo Halisi: Kwetu mzee hatupwi kwa wageni. Mngekaa naye nyumbani, haya yote yasingewakuta.

Jibu: Mwenye kufanya zamu mbili na mzee anayehitaji kugeuzwa usiku kucha hakumtupa mtu. Na wazee hudhulumiwa nyumbani pia. Tuendelee na somo.

Binti wa Houston: Naruhusiwa kuweka kamera chumbani kwa baba?

Jibu: Texas inaruhusu kwa sheria tangu mwaka 2001, na Minnesota tangu Januari 2020. Lazima kuwe na ridhaa ya baba, au ya mwakilishi wake ikiwa hawezi kuamua, pamoja na ya mwenzake wa chumba, na kuna fomu ya kujaza. Usiifiche ndani ya saa ya ukutani kama ulivyoshauriwa kwingine.

Mama Wawili: Mama yuko katika nyumba ndogo ya matunzo ya watu sita huko Washington. Haya yote yanamhusu?

Jibu: Si yote, na umeuliza swali ambalo wengi hawalioni. Nyumba hizo zinaongozwa na leseni na sheria za jimbo, kwa hiyo kanuni za usuluhishi na za muda wa faili nilizotaja usizitegemee. Ombudsmani, idara ya ulinzi wa watu wazima na polisi bado ni wako.

Mjukuu wa Bibi: Bibi anasema haoni hela yake ya matumizi. Pia, ninyi mnafanyaje kuhusu lugha wakati mkalimani hayupo?

Jibu: Mkazi anayelipiwa na Medicaid hubakiziwa walau dola 30 kwa mwezi za matumizi yake, na majimbo mengi huongeza. Kama makao ndiyo yanayomtunzia, yanapaswa kutoa hesabu kila robo mwaka, nawe uiombe kwa maandishi. Kuhusu lugha, andika kadi kubwa uiweke kando ya kitanda yenye maneno yake mwenyewe jinsi anavyoyatamka, na maana yake kwa Kiingereza: maji, choo, naumwa, nigeuze, baridi. Omba kadi hiyo itajwe kwenye mpango wake wa matunzo, maana karatasi isiyo kwenye mpango huondolewa siku ya usafi.