Jinsi ya kuitazama Tillsammans ukaielewa, hata kama Sweden ya zamani huijui

Watu wengi wanaianza hii muvi wanaiacha mapema, wanasema ni kelele tu za watu wa nyumba moja wanagombana nani aoshe vyombo. Nawaelewa, ila wanakosa kitu kizuri sana. Imeongozwa na Lukas Moodysson wa Sweden, ilitoka mwaka 2000, haifiki hata saa mbili, na ukijua mambo machache kabla ya kubonyeza pley itakushika mpaka mwisho.

Jambo la kwanza ni mwaka. Tuko Stockholm, Novemba 1975, na muvi inaanza redio ikitangaza kwamba Franco, dikteta wa Hispania, amefariki, nyumba nzima ya hawa watu wa mrengo wa kushoto wanaoishi pamoja inaruka kwa furaha na kukumbatiana. Kama hujui Franco ni nani utaona hawa watu wana wazimu, kumbe kwao siasa za dunia ziko sebuleni kabisa, vita ya Vietnam imeisha mwaka huohuo, kule Chile dikteta Pinochet ameshika nchi tangu 1973 na wakimbizi wa kule wameanza kufika Sweden. Ndo maana kuna mtoto pale anaitwa Tet, jina la yale mashambulizi ya Vietnam ya 1968, na ndo maana watoto wakicheza mmoja anakuwa Pinochet anamtesa mwenzake. Unacheka halafu unajiuliza hawa watoto wamesikia nini mezani kwa wakubwa.

Kingine usikipuuze ni muziki. Wimbo wa SOS wa ABBA, kundi maarufu la Sweden, uko humo, na wakati ule watu wa mrengo wa kushoto Sweden walikuwa wanaiona ABBA ni muziki wa biashara tu, hata Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, ilipofanyika Stockholm 1975 kuna walioandaa tamasha lao la kuipinga. Kwa hiyo ABBA kwenye muvi ya watu kama hawa si wimbo wa kujazia.

Sasa wahusika, hapa ndo watu wanachanganyikiwa maana ni wengi na wanaingia kwa fujo. Usihangaike kukariri majina yote. Shika familia moja tu: Elisabeth amepigwa na mumewe Rolf, anachukua watoto wake Eva na Stefan anakimbilia kwa kaka yake Göran anayeishi kwenye hiyo nyumba ya pamoja. Hao wengine utawajua polepole kwa vituko vyao, Erik mtoto wa benka aliyeamua kuwa mfanyakazi wa kuchomelea vyuma na anataka kuongea ukomunisti hata kitandani, Anna na Lasse wameachana lakini bado wanaishi nyumba moja, Klas anampenda Lasse. Göran huyu mjomba ni mpole kupita kiasi, na mpenzi wake Lena anautumia huo upole vibaya, mimi huwa inaniuma kila nikiangalia.

Siri yenyewe ya kuielewa hii muvi, kwa maoni yangu, ni kukaa upande wa watoto. Moodysson alizaliwa 1969, yaani mwaka 1975 alikuwa mdogo kama hawa, na kamera yake iko nao muda wote hata wakubwa wanapoongea. Angalia uso wa Eva wakati mjomba na wenzake wanabishana kama Pippi Långstrump, msichana wa vitabu vya watoto vya Sweden, ni bepari. Angalia watoto wanavyoandamana kudai nyama kwenye nyumba isiyopika nyama, wamejifunza kuandamana kwa haohao wakubwa! Na yule Fredrik wa nyumba ya jirani, mvulana wa miwani kama Eva, urafiki wao ndo kitu kisafi kuliko vyote humo ndani.

Rolf usimfute haraka. Simtetei, alichofanya ni kibaya na muvi haifichi, hata siku anawatoa watoto kwenda kula anaishia kulewa. Ila yeye ni fundi bomba, na kuna mzee anaitwa Birger anamwita kila mara bomba lake limeharibika, mfuatilie huyo mzee vizuri uone kwa nini bomba haliponi. Birger ndo anayesema kwa lugha rahisi kile ambacho Göran anakisema kwa mfano wa uji wa oti, chembe zilizokuwa kavu kila moja peke yake zikipikwa zinakuwa kitu kimoja.

Mambo ya kiufundi kidogo: kamera inavuta ghafla kwenye sura za watu, ni staili ya miaka ile, macho yatazoea. Tazama kwa Kiswidi na sabtaito, usitafute iliyowekewa sauti nyingine, maana utani mwingi uko kwenye jinsi wanavyokatizana maneno. Na usiweke watoto wadogo sebuleni, kuna uchi tangu mwanzo na mazungumzo ya wakubwa.

Ipo pia ya pili, Tillsammans 99, ya 2023, ambamo kwenye nyumba wamebaki Göran na Klas tu. Usiiunganishe usiku huohuo, acha wiki ipite kwanza.