Kuangalia ndege mdomo wa Sabaki kabla hawajarudi kaskazini

Kama uko Malindi na hujawahi kwenda mdomo wa mto Sabaki, pale unapoingia baharini, mwezi wa tatu ukiisha au wa nne ukianza, nenda mwaka huu, manake ndio wakati vitwitwi, wale ndege wa ufukweni wanaotafuta chakula topeni, waliotoka mpaka Siberia wanajaza mafuta ya safari na kubadilisha manyoya. Yule mdogo mwenye mdomo uliopinda chini, Januari alikuwa kijivu tu, sa hii kifua chote chekundu kama tofali, yani unaweza kudhani ni ndege mwingine.

Siku utakayochagua ni muhimu kuliko darubini. Tafuta bamvua, yani maji makubwa ya bahari, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baada yake, hapo maji hujaa kwenye saa kumi jioni. Wewe fika saa saba, saa nane hivi, maji ndio yanapanda, yanafunika tope pole pole na ndege wanasogezwa karibu na ulipokaa, halafu jua liko mgongoni. Asubuhi jua linakupiga machoni, kila ndege anaonekana mweusi. Na maji yakishapwa kabisa wametawanyika mbali huko.

Panda matatu ya Mambrui ushuke daraja la Sabaki, au chukua boda, kisha tembea kuelekea baharini. Viboko wapo kwa hivo waulize wavuvi wamewaona wapi leo, usipite kwenye matete, na giza lisikukute huko.

Kuwatambua usianze na rangi, anza na mdomo na vile anavyokula. Kuna anayekimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Kuna mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, huyo anafukuza vikaa kama ana haraka ya kwenda mahali. Sululu, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ndio mtamu zaidi kumwangalia, akishika kaa anamtikisa mpaka miguu ichomoke ndio ammeze.

Tafadhali usiwafukuze upate picha. Kila wakiruka wanachoma mafuta waliyoyatafuta kutwa na safari yenyewe ni maelfu ya kilomita, kwa hivo kaa chini, tulia, watakuja wenyewe, na mbwa muache nyumbani. Ukimaliza andika uliowaona na idadi hata ya kukisia, halafu utume kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, kwa apu ya BirdLasser.