SOMO: Seva imegoma kubuti kutoka kwenye RAID? Usichomoe diski kwanza

Wakuu, seva yenye RAID (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa safu moja) ikigoma kubuti, yaani kuwaka na kupakia mfumo, mkono hukimbilia kwenye diski. Tulia. Mara nyingi diski ni nzima, ila kitu kimoja kati ya BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya mfumo) na mfumo kimepotea njia. Ukianza kubonyeza ovyo ndipo data inapoondoka kweli.

Hatua ya 1: Angalia imekwama wapi

Washa na usome skrini mpaka mwisho. Ikiandika "No boot device" mapema kabisa, shughulika na BIOS au kadi ya RAID. Ukikuta "grub rescue>", GRUB (programu ndogo inayoanzisha Linux) imeanza ila haioni faili zake. Ukitupwa kwenye "(initramfs)", kerneli (kiini cha Linux) imeshawaka lakini haijaunganisha safu ya diski. Haya ni magonjwa matatu tofauti, kwa hiyo usitumie dawa ya moja kwa jingine.

Hatua ya 2: BIOS

Tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ya ubao mama imekwisha na huenda mipangilio yote imerudi ya kiwandani: SATA (njia ya kuunganisha diski) imetoka RAID ikaenda AHCI (kila diski kivyake), au njia ya kubuti imetoka UEFI (mpya) ikaenda Legacy (ya zamani). Mfumo uliosakinishwa kwa UEFI hautabuti kwa Legacy hata ufanyeje. Chomoa na flash zote zilizosahaulika nyuma ya mashine.

Hatua ya 3: Menyu ya kadi ya RAID

Hapa nendeni taratibu. Safu ikiwa "Degraded" (imepungukiwa diski) bado inatakiwa kubuti: RAID 5 inavumilia kupoteza diski 1, RAID 6 inavumilia 2. RAID 0 haivumilii hata moja. Kama safu iko "Optimal" (nzima) na bado haibuti, hakikisha ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya kubuti. Kadi yenye safu mbili inaweza kuwa inaelekeza kwenye ile ya data.

Neno linalowatisha wengi ni "Foreign". Maana yake diski zina taarifa za safu ambazo kadi haizitambui kuwa zake. Hutokea ukibadilisha kadi, au diski zikikatika umeme kisha zikarudi. Chagua kwanza kuona bila kubadili kitu, hesabu diski zote zipo, ndipo u-"Import". "Clear" inafuta taarifa hizo. "Initialize" ni mbaya zaidi, inaweza kufuta data yenyewe. Na kama kuna diski iliyotoka kwenye safu wiki kadhaa kabla ya nyingine, iache nje: ina data ya zamani, na ukiiingiza kwa nguvu utachanganya jana na leo.

Hatua ya 4: RAID ya Linux (mdadm)

Hii ni RAID isiyotumia kadi: Linux yenyewe huunganisha safu kwa programu ya mdadm. Buti kwa flash yenye Linux, kisha:

`cat /proc/mdstat`
`mdadm --examine /dev/sda2 /dev/sdb2`

Weka majina ya patisheni zako. Linganisha mstari wa "Events" (hesabu ya mabadiliko ya safu). Namba zikilingana, diski zinakwenda pamoja; iliyobaki nyuma sana ndiyo iliyoachwa. Kisha:

`mdadm --assemble --scan`
`mount -o ro /dev/md0 /mnt`

Safu ikijiita md127 badala ya md0, usishtuke, tumia jina hilo. Nakili data muhimu kabla ya kutengeneza chochote. Msijaribu `--create` kwa sababu tu mmeona mtu kaiandika mtandaoni. Hiyo inaandika taarifa mpya juu ya zilizopo.

Kama uliishia kwenye "(initramfs)", ingia kwa chroot (kutoka kwenye flash unaingia ndani ya mfumo wako uliosakinishwa), hakikisha safu imeandikwa kwenye mdadm.conf, halafu kwenye Debian au Ubuntu piga `update-initramfs -u`.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina RAID 1 ya mdadm. sda imekufa, sdb nzima, lakini seva inasema hakuna cha kubuti. Si zinafanana hizi?

Jibu: Patisheni za data ndizo zinazofanana. GRUB ya kwenye MBR (mwanzo kabisa wa diski) iko nje ya safu, na wakati wa kusakinisha pengine iliwekwa sda tu. Ingia kwa chroot upige `grub-install /dev/sdb`. Kwa UEFI, patisheni ya EFI (yenye faili za kubuti) nayo kwa kawaida haimo kwenye safu: itengeneze kwenye sdb, weka faili zake, kisha isajili kwa `efibootmgr`.

Swali: RAID 5, diski mbili zimeandika Failed kwa pamoja. Nanunua mpya?

Jibu: Bado, kaka. Mbili kuanguka dakika ile ile kunanuka kebo, umeme au ubao zinapochomekwa. Zima, kaza, kisha pima kila moja kwa `smartctl -a`. "Current_Pending_Sector" (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikiwa juu ya sifuri, nakili diski hiyo kwa ddrescue, na ufanyie kazi nakala. Usianze kujenga upya safu kwenye diski inayoumwa.

Swali: Nikizichanganya nafasi wakati wa kuzirudisha?

Jibu: mdadm na kadi nyingi za sasa huandika nafasi ndani ya kila diski. Bandika namba hata hivyo, kadi za zamani hazisamehe.

Swali: Nipige fsck (ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) sasa hivi?

Jibu: `fsck -n` tu, haiandiki kitu. Ya kurekebisha isubiri mpaka safu iwe imeunganishwa sawasawa na nakala ya data unayo.