Nukta mkato na nukta pacha katika insha: mambo ya kuzingatia kabla ya kuziweka

Insha nzuri inaweza kuanza na kumalizika bila nukta mkato (;) hata moja. Hakuna msahihishaji anayekata alama kwa sababu alama hiyo haikuonekana. Atakata, na kwa haki, akiikuta mahali isipostahili. Ndiyo maana maandalizi ni muhimu: alama hizi mbili, nukta mkato ambayo wengine huiita semikoloni, na nukta pacha (:) au koloni, ni za mwandishi aliyekwisha kujua anachotaka kusema. Haziwekwi kwa ajili ya kupamba ukurasa.

Anza kwa kuzitenganisha kichwani. Nukta mkato huunganisha sentensi mbili zilizokamilika, zenye uhusiano wa karibu kiasi kwamba nukta ingezitenga mno. Nukta pacha hufanya kazi nyingine kabisa: upande wake wa kushoto hutoa ahadi na upande wa kulia huitimiza. Kwa hiyo “Alibaki na hofu moja; mtihani wa hesabu” ni kosa, kwa sababu “mtihani wa hesabu” si sentensi, na kwa sababu msomaji ameshaahidiwa kutajiwa hofu hiyo. Andika “Alibaki na hofu moja: mtihani wa hesabu”, na kila kitu kitatulia.

Baada ya hapo pima pande zote mbili za nukta mkato. Funika kwa kidole yote yaliyo kulia, usome ya kushoto; kisha funika ya kushoto, usome ya kulia. Kila upande usimame wenyewe kama sentensi. “Mvua ilinyesha usiku kucha; mto ulifurika kabla ya mapambazuko” inapita. “Ingawa mvua ilinyesha usiku kucha; mto haukufurika” haipiti, maana sehemu ya kwanza ikisomwa peke yake inamwacha msomaji akisubiri. Hapo panatosha mkato.

Kipimo hiki ni rahisi kukieleza, lakini katika Kiswahili kina mtego ambao vitabu vingi vya shule huupita haraka. Wanafunzi hufundishwa kutafuta maneno kama ingawa, kwa sababu, ili na iwapo, na wanapoyakosa hudhani kishazi ni huru. Kumbe mara nyingi utegemezi umejificha ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama sentensi hizi mbili: “Kengele ililia; wanafunzi walitoka” na “Kengele ilipolia; wanafunzi walitoka.” Tofauti ni silabi moja tu, -po-, nayo inatosha kuifanya ya pili kuwa kosa. “Kengele ilipolia” ni kishazi tegemezi, kinaeleza wakati na hakijasema jambo lake likaisha. Andika “Kengele ilipolia, wanafunzi walitoka.” Hali ni hiyohiyo kwa -ki- ya masharti (“Ukisoma kwa bidii”) na kwa -nge- na -ngali- (“Angalijua mapema”). Kabla ya kuweka nukta mkato, basi, usitafute kiunganishi peke yake. Kichunguze kitenzi kiungo kwa kiungo. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mwanafunzi kuhusu alama hii, nitachagua hili.

Kiambishi -ka- kinahitaji uangalifu wa aina yake, hasa katika insha ya masimulizi. “Aliingia, akaketi, akafungua daftari.” Matukio hapa yanafuatana na -ka- imekwisha kuyafunga pamoja, kwa hiyo mkato unatosha. Anayeandika “Aliingia; akaketi; akafungua daftari” anamsimamisha msomaji njiani mara mbili bila sababu. Ukiona -ka- zinafuatana katika masimulizi yako, iache nukta mkato. Nafasi yake hasa ni insha ya hoja, pale unapoweka madai mawili ubavu kwa ubavu ili uzito wao uonekane kwa pamoja: “Wenye magari wanadai barabara pana; wanaotembea kwa miguu wanadai njia salama.” Hakuna upande ulio juu ya mwingine, na alama imeonyesha hivyo bila kutumia “ilhali” wala “nao”.

Kuna wanaoshauri kuisoma sentensi kwa sauti na kuweka alama panapohitaji pumzi. Ushauri huo una asili yake. Chapa za Aldus Manutius, mchapishaji vitabu wa Venice, za mwishoni mwa karne ya 15, ndizo zinazohesabiwa kuwa za kwanza kuibeba nukta mkato kwa umbo tunalolijua, nayo ilikusudiwa kuonyesha pumziko lililo kati ya la mkato na la nukta pacha. Sikio basi ni msaidizi mzuri, lakini halitoshi, maana pumzi haiwezi kukuambia kwamba “ilipolia” ni tegemezi.

Angalia pia kinachofuata alama. Ukitumia hata hivyo, kwa hiyo, aidha au isitoshe kuanzishia sentensi ya pili, nukta mkato hutangulia na mkato hufuata: “Bei ya mafuta ilishuka; hata hivyo, nauli haikubadilika.” Kwa “lakini” na “au”, mkato kabla yake kwa kawaida unatosha. Baada ya nukta mkato endelea kwa herufi ndogo, isipokuwa neno ni jina la pekee.

Orodha ndizo mahali pengine nukta mkato inapolipa. Soma hii: “Walichaguliwa Asha, mwenyekiti, Baraka, katibu, na Neema, mhazini.” Ni watu watatu au sita? Msomaji analazimika kurudi nyuma na kuhesabu. “Walichaguliwa Asha, mwenyekiti; Baraka, katibu; na Neema, mhazini” inaondoa shaka papo hapo. Kanuni ni kwamba vipengele vyenye mikato ndani yake hutenganishwa kwa nukta mkato. Orodha ya maneno ya kawaida, kama vile kalamu, rula na kifutio, haihitaji zaidi ya mkato. Wa chuo wataikuta pia ndani ya mabano ya marejeleo, ambako mitindo ya marejeleo kama APA (wa Chama cha Saikolojia cha Marekani) huiweka kati ya kazi moja na nyingine zinapotajwa pamoja.

Kwa nukta pacha, swali la kujiuliza kabla ni moja: je, maneno yaliyo kushoto yamekamilika? “Sababu za mafuriko ni: ukataji wa miti, mitaro iliyoziba na ujenzi holela” imeenea sana, hata kwenye maandishi ya watu wazima, lakini katika insha ya nathari mimi naipinga. “Ni” inadai kijalizo chake, na alama imeingia katikati na kuvitenganisha. Ama iondoe, ama ikamilishe sentensi kwanza: “Mafuriko yana sababu tatu: ukataji wa miti, mitaro iliyoziba na ujenzi holela.” Maneno kama yafuatayo na zifuatazo huikaribisha nukta pacha vizuri. “Kama vile” na “kwa mfano” haziihitaji.

Kabla ya nukuu, nukta pacha au mkato zote hukubalika, mradi ushikilie utaratibu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa insha. Kisichokubalika ni kuiweka baada ya kwamba au kuwa. “Mwalimu alisema: ‘Fungeni madirisha’” ni usemi halisi, “Mwalimu alisema kwamba: tufunge madirisha” ni usemi wa taarifa, na nukta pacha haina kazi pale. Epuka vilevile kuweka nukta pacha mbili katika sentensi moja. Ahadi ya pili huingia kabla ya kwanza haijatimizwa, na msomaji hupotea.

Insha ikishakamilika, ipitie mara moja ukitafuta alama hizi mbili tu. Ukikuta nukta mkato tatu katika aya moja, jaribu kuweka nukta mahali pa mbili. Mara nyingi aya itasomeka vizuri zaidi, na ile iliyobaki itaonekana ina kusudi. Kwenye kompyuta hakikisha alama imegusana na neno la kabla yake na kuna nafasi moja baada yake. Kwenye mtihani wa kuandika kwa mkono, chora mkia wa nukta mkato ushuke chini ya mstari waziwazi, kwa maana nukta mkato isiyo na mkia unaoonekana husahihishwa kama nukta pacha, na hapo sentensi uliyoipima vizuri huhesabiwa kosa.