Jinsi ya kujenga ramani ya mtaa mgeni kichwani

Usianze na barabara, anza na nukta moja: mlango wa unapolala au stendi utakayorudi kila siku. Simama hapo, tafuta kitu kikubwa kilicho mbali, mnara au mlima. Mti ulio hatua kumi mbele haukufai, kwani ukiupita uko nyuma yako. Mnara ulio kilomita tatu hubaki karibu upande uleule hata ukivuka barabara mbili. Ubongo una seli za mwelekeo, kila moja huwaka kichwa kikielekea upande wake, na alama za mbali ndizo huziweka sawa. Zikianza vibaya, ramani nzima inapinda nazo. Ndiyo maana anayetoka kituo cha treni cha chini ya ardhi huona mji umegeuka. Asipige hatua kabla hajaiona alama yake.

Sasa simu mfukoni. Tembea dakika kumi, urudi kwa njia ileile, na kila kona ugeuke utazame nyuma, maana barabara ya kurudi ina sura nyingine kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mwaka 1971 watafiti John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza seli za mahali katika hipokampasi, sehemu ya ubongo, ya panya: hii huwaka panya akiwa pembe hii, ile akiwa pale. Mwaka 2005 kundi la May-Britt na Edvard Moser, Norway, likatangaza seli za gridi, jirani na hipokampasi, zinazowaka kwenye nukta zilizopangika kwa pembetatu sawa. Zinadhaniwa kusaidia kuhesabu mwendo: umekwenda kiasi gani, umegeuka wapi. Hesabu hiyo hulimbikiza makosa. Umedhani kila kona ni nyuzi 90, kumbe ni 70. Kona tatu za upande mmoja, tayari umepotoka nyuzi 60 na hujahisi lolote.

Dawa yake ni mipaka. Panya akikutana na ukuta, kosa la seli za gridi hupungua. Nawe tafuta mto, reli, ukuta mrefu. Ukifika, nyoosha kidole kuelekea ulikoanzia, kisha ndipo utoe simu uhakiki. Ukikosea nyuzi 20 au 30, endelea. Ukikosea zaidi ya nyuzi 90, rudi hadi kona ya mwisho uliyo na hakika nayo. Usiruke hatua ya kidole: ukitazama simu kwanza, hutajua ramani yako imepindia wapi.

Siku ya pili badili njia. Njia moja ikirudiwa sana hugeuka mazoea ya "kushoto, kulia, kushoto", yanayoshikwa na striatamu, sehemu nyingine ya ubongo. Yanakufikisha, lakini barabara ikifungwa umekwama.

Usiku, kabla ya kulala, chora kwa dakika tano bila kuangalia popote: mipaka kwanza, kisha nukta ya kuanzia, alama ya mbali, barabara mwisho. Kisha lala vya kutosha. Panya wakilala, seli za mahali zilizowaka pamoja njiani huwaka pamoja tena. Palipobaki peupe kwenye karatasi ndipo pa kwenda kesho.